Mifereji ya Gaston

Kasongo, tarehe 7 mwezi wa nane 1955

Kwa Shemeji Placide, Kabambare,

Nakusalimu, Shemeji, wewe na Marie-Louise na watoto wote. Sisi hapa tupo, tunamshukuru Mungu. Mado alikuwa na kikohozi cha vumbi la kiangazi, sasa amepona. Anauliza kama mbuzi mwenye pembe moja angali hai, maana anasema ni wake na mlimwekea tu. Yule kuku wa madoadoa uliyetuachia siku za maziko ametotoa nyuma ya mlango, amekataa mahali pengine pote. Nimemwacha.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Ni mifereji ya paa letu. Unaikumbuka, kwa sababu ulikuwapo siku fundi Alimasi alipokuwa akiikunja uwanjani, ukamwuliza kama anatengeneza mtumbwi. Inapita chini ya ukingo wa bati pande mbili za nyumba, na kule nyuma kuna bomba linaloshusha maji katika pipa. Kila mwaka, kabla mvua ya kwanza haijaanguka, marehemu ndugu yako alikuwa akipanda kuisafisha. Jirani yetu ana mti wa avoka, na mti ule unamwaga majani yake yote kwetu kana kwamba tuliomba. Gaston alikuwa akivua viatu na kubaki na soksi, anasema bati lina masikio. Anakwangua kwa kijiko kikubwa cha wali, ambacho niliacha kupakulia kwa sababu hiyo, huku akiimba nyimbo za kanisani bila maneno. Udongo mweusi anaoukwangua anauanika juu ya mkeka na kuufunga. Mwisho anamwaga kikombe cha maji kule juu, anapiga kelele, "Nastasia, inafika?" Mimi nasimama kwenye pipa, nangoja, kisha namjibu, "Inafika!"

Mwaka huu nimemwita fundi Alimasi aifanye kazi hiyo kwa malipo. Alikuja na ngazi yake, lakini hakuiegemeza kwenye nyumba. Aliiegemeza kwenye mti wa avoka, akakaa juu ya kinu changu, akaniuliza:

"Mama Mado, matanga imekwisha kutoka?"

Nikamwambia bado.

"Basi miye siwezi kupanda. Mutu akikanyaga bati ya nyumba ya matanga, ni sawa anakanyaga kichwa ya mwenyewe. Gaston aliniazima kinga yake miaka yote hii, sitamulipa vile."

Ile kinga ni baiskeli yake, unaijua. Nikamwambia kwamba padri amesema mambo hayo si ya kikristo, na yeye mwenyewe ni mwislamu, yanamhusu nini. Akacheka kidogo. "Mama yangu ni Mubangubangu kama mama yenu. Padri apande yeye, nitamushikia ngazi."

Sikuweza kumkasirikia. Desturi ya ukoo wenu naijua, Mama Régina mwenyewe alinifundisha mwaka nilioolewa. Matanga hayaondolewi hapa kwanza. Yanaondolewa jikoni kwa mama aliyemzaa marehemu: majivu ya moto wa zamani yanatupwa njia panda, moto mpya unawashwa, ndipo mlango wa nyumba ya marehemu unaguswa kwa makaa yake, na kuanzia hapo mtu anaweza kupanda paa. Kwa hiyo nakuomba, Shemeji, mfanye hivyo huko kwa Mama mara moja, kabla ya mvua. Nyumba hii ni ya matofali mabichi. Mfereji ukiziba, maji yote yatamwagika juu ya ukuta wa upande wa jua kutua, ambao Gaston aliupaka udongo kwa mkono wake. Unajua alikuwa mashoto. Kuta za majirani zote mistari ya vidole inalala upande mmoja, ya kwetu inalala upande wa pili. Jioni jua likiipiga naiona yote.

Msalimie Mama sana. Sijapata habari zake tangu maziko.

Ni mimi, shemeji yako,
Anastasie


Kabambare, tarehe 29 mwezi wa nane 1955

Kwa Shemeji wangu Anastasie, Mama Mado,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Marie-Louise anakusalimu, bado ana mzigo wake tumboni, tunatazamia mwezi wa kumi na moja. Mbuzi mwenye pembe moja yu hai na ana kiburi, mwambie Mado. Pamba mwaka huu haikutupendeza. Bwana shamba alipita, akasema mistari yetu imepinda kama njia ya nyoka, akatuambia tusitoke kwenda safari mpaka mashamba mapya yafyekwe. Tunafyeka.

Barua yako niliipata mkononi mwa Faradji, dereva wa kamio la pamba. Nimeisoma mara nyingi. Mti ule wa avoka ungekatwa zamani, nilimwambia Gaston.

Shemeji, kuna jambo sikukuandikia. Mama hajaambiwa.

Niliporudi kutoka maziko nilimkuta kitandani, moyo wake unaruka, na munganga wa zahanati akaniambia asishtuliwe kwa neno lolote. Nilimwambia nilikuwa Kasongo kwa mambo ya pamba. Nilisema nitamwambia akipata nguvu. Akapata nguvu. Nikasema baada ya mavuno. Sasa yumo shambani kwake, anapanga kitalu cha tumbaku na kuwagombeza watoto wangu, na mimi bado. Nimewaomba watu wa hapa wanyamaze, na Faradji pia. Wamenyamaza vizuri, mpaka naogopa.

Kwa hiyo unaona kwamba moto wake siwezi kuugusa. Nitamwambiaje atupe majivu bila kumwambia ni majivu ya nani?

Nakuomba jambo moja, usilikatae. Andika barua ndogo ambayo nitamsomea, na ndani yake uweke salamu za Gaston. Maneno machache tu, kama alivyokuwa akisema. Wewe unayajua kuliko mimi. Jana Mama aliniuliza kama kamio la Faradji limepita. Anauliza kila wiki.

Mungu awalinde wewe na mtoto.

Placide


Kasongo, tarehe 14 mwezi wa tisa 1955

Kwa Shemeji Placide,

Nakusalimu wewe na Marie-Louise. Mwambie asibebe maji sasa, watoto wakubwa wabebe. Mado amerudi shuleni kwa masista. Amepewa kiti karibu na dirisha, kwa hiyo najua habari zote za barabarani na si nyingi za hesabu.

Niliketi mezani kuandika ile barua uliyoniomba. Niliandika "Mama mpendwa", nikaandika habari za kuku. Nilipofika kwenye salamu zake kalamu haikwenda. Alikuwa na neno lake, wewe unalijua, alikuwa akimwita Mama "bibi arusi" na Mama anamtukana na wote wawili wanacheka. Nilitaka kuliandika nikaona nalichukua mdomoni mwake. Sikuweza, Shemeji. Msomee hivi tu: Wote waliomo katika nyumba hii wanakusalimu, Mama. Zaidi ya hapo usiniombe.

Mvua ya kwanza imekuja. Haikuwa kubwa, lakini niliposikia maji yanaanguka mahali pasipo bomba, nilitoka. Majani yamejaa mfereji wa upande ule mpaka yamechungulia nje. Asubuhi yake nikafikiri hivi: wamekataza kupanda, hawakukataza kusimama chini. Nikakata mwanzi mrefu, nikafunga tambara kichwani mwake, nikasimama juu ya stuli uwanjani bila kugusa nyumba, nikaanza kusukuma majani kutoka chini. Yalikwenda vizuri. Nilifurahi, nikawaza kwamba hata Gaston angenisifu.

Yalikwenda yote mpaka kwenye mdomo wa bomba na kukwama humo kama kizibo. Sasa mfereji hauna mahali pa kutolea maji kabisa. Kabla ya hapo yalikuwa yakipita kidogo.

Alimasi alipita akatazama, akashika kiuno. "Mama Mado, wewe umefunga chupa." Kisha akaona uso wangu, akaniomba radhi, akaniletea mikeka miwili ya zamani ya kutundika mbele ya ukuta. Aliitundika kwenye miti aliyoichomeka chini. Hakugusa nyumba.

Ninyi huko mnafikiri namna gani? Nijibu upesi.

Anastasie


Kabambare, tarehe 2 mwezi wa kumi 1955

Kwa Shemeji Anastasie,

Salamu. Sisi wazima. Barua yako ilichelewa, daraja la mto lilikatika na kamio likalala Wamaza.

Nilimsomea Mama salamu zako. Akauliza, "Wote, ni nani na nani?" Nikasema, wote. Baadaye akauliza kama Faradji hakuleta kitu kingine, nikasema hakuleta. Akarudi kwenye kitalu chake.

Kuhusu ukuta: ongeza mikeka. Au uache nyumba, ufunge vitu vyako, uje na Mado mkae hapa kwetu mpaka kiangazi kingine.

Nimesimama kidogo kabla ya kuendelea. Nimekumbuka kwamba utakuja na kitambaa cha matanga kichwani. Basi usije bado.

Bado nafyeka.

Placide


Kasongo, tarehe 16 mwezi wa kumi 1955

Kwa Shemeji Placide,

Nakusalimu, na nawasalimu wote. Vifaranga wamekua, mmoja amechukuliwa na mwewe. Mado alimrushia mwewe kiatu cha shule na kiatu kikabaki juu ya bati. Kwa hiyo anakwenda kwa masista na viatu vya marehemu shangazi yangu, vikubwa, anatembea kama bata. Nilimkemea, halafu tulicheka mpaka tukakaa chini. Nakuandikia hili ili ujue kwamba siku nyingine tunacheka.

Mvua sasa ni za usiku na mchana. Mikeka imeoza. Ukuta umelowa toka juu mpaka kwenye kitanda changu, na udongo aliopaka unaanguka vipande vipande. Vipande vya kwanza niliviokota nikaviweka katika karai, kana kwamba nitavirudisha. Asubuhi yake karai lilikuwa na tope tu. Chini pana ufa unaoingia kidole. Mkaguzi wa nyumba za mtaa wetu alipita, akaupima kwa fimbo, akaandika, akasema bila ubaya: "Mama, nikirudi nikakuta hii haijapona, nitaomba ibomolewe kabla haijaua mutu." Akaniuliza kwa nini mwenye nyumba hasafishi mifereji. Nikasema, mwenye nyumba amesafiri. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda nimezoea kwako.

Nisamehe neno hilo. Sitalifuta, kwa sababu karatasi ni moja.

Yupo fundi mgeni hapa, ametoka Nyangwe, anaziba mitumbwi na madumu. Alitazama paa akasema, "Miye ukoo yenu siijui, matanga yenu siijui. Niambie tu, nitapanda kesho." Watu wamesikia, sasa wananitazama waone nitasema nini. Alimasi aliondoa ngazi yake kwenye mti wa avoka, akaibeba kwenda nayo kwake.

Shemeji, sikulaumu. Najua ulivyompenda. Siku ya maziko ulishika koleo mpaka wakakunyang'anya. Lakini unataka Gaston awe mzima huko kwa Mama, na huku mkono wake unaanguka ukutani mbele ya macho yangu. Mimi ninalala upande huo. Mvua ikianza naweka kiganja changu ukutani, nausikia unavyokuwa laini.

Nimemwambia yule wa Nyangwe angoje mpaka kamio lirudi kutoka kwenu. Likirudi bila neno lako

Nimeacha hapo juu, Mado aliniita. Hilo ndilo lote.

Anastasie


Kabambare, tarehe 30 mwezi wa kumi 1955

Kwa Shemeji wangu Anastasie, Mama Mado,

Nakusalimu kwa moyo wote. Marie-Louise yu karibu. Leo sina habari nyingine za nyumbani, nitaandika zile tu ninazotaka kuandika.

Barua yako ilinikuta shambani. Niliisoma nimesimama, nikaweka panga chini. Nilinawa katika kijito, nikaenda kwa Mama, njiani napanga maneno: kwanza Mado, halafu homa, halafu hospitali, halafu lile lingine.

Nilimkuta amekaa mbele ya jiko lake. Hapakuwa na moshi. Mafiga yake matatu yamefagiliwa, safi kama siku yalipoletwa. Nilifikiri anaumwa. Nikamwuliza:

"Mama, moto umezimika?"

"Haukuzimika. Nimeuzima. Majivu nimekwisha kuyatupa njia panda, na mbuzi yako ya pembe moja imenifuata mpaka kule ikifikiri nabeba chumvi." Halafu akanipa kibiriti. "Washa. Mwenye kuwasha ni mutoto mwanaume. Nilikungoja."

Maneno yangu yote yalinitoka, Shemeji. Nilibaki na kibiriti mkononi. Nikauliza ni nani aliyemwambia.

"Hakuna mutu. Ninyi munajua kunyamaza! Hata Faradji, ambaye kuku ikikanyagwa Salamabila anaitangaza mpaka hapa, yeye pia alinyamaza. Ndiyo nikasema, hii si kuku."

"Basi ulijuaje?"

Akanionyesha kitalu cha tumbaku. Miche yake ni ya manjano mwaka huu, mifupi.

"Udongo yangu haikuja."

Mimi sikujua habari hiyo, labda wewe unaijua. Anasema kila mwaka, akisha kusafisha mifereji, Gaston alimtumia mfuko wa ule udongo mweusi wa majani yaliyooza juu ya bati, kwa mkono wa Faradji, na yeye anaupandia tumbaku yake ya ugoro. Anasema hakuna udongo kama huo Kabambare yote, kwa sababu unapikwa na jua juu na bati chini. Walikuwa wakifanya hivyo kimya, ni jambo lao. Mimi nilidhani ananiulizia kamio kwa sababu anataka chumvi.

Akaniambia: "Nilipanga kitalu, nikangoja. Faradji akapita, akatazama miguu yake. Nikasema pengine Gaston amechelewa. Halafu mvua ikanyesha. Kama mvua imenyesha na Gaston hajapanda bati yake, Gaston hayuko. Kisha ukanisomea barua, wote waliomo katika nyumba. Anastasie hakunidanganya. Nilimushukuru, nikaenda kulia kule kwenye mihogo, wewe unafyeka."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba anajua.

"Nilikuona. Ulikuwa umebeba mzigo, mutu akibeba hivyo ukimwita ghafula anaangusha. Nikasema nitamungoja aweke chini mwenyewe. Ungetaka hata mwaka, ningekungoja. Lakini Faradji ameniambia ukuta ya Anastasie inaanguka. Ukuta haiwezi kukungoja."

Njiti za kwanza zilivunjika mkononi mwangu. Mama alinishika mkono kama unavyomshikia mtoto anayejifunza kuandika, moto ukashika. Hakulia mbele yangu. Alipika mihogo na mboga, akanipakulia sahani, akapakua ya pili, akaitazama, kisha akaimimina tena chunguni. Tulikula.

Mimi siruhusiwi kusafiri kabla bwana shamba hajayaona mashamba mapya. Mama anasema si kitu, mguu wangu hauna kazi huko, kazi ni ya moto. Faradji anakuletea kopo lenye makaa ya moto huo, yamekwisha kupoa. Mado ayashike kwa mkono wake, agusishe mlango nje na ndani, kwa sababu yeye ni damu ya Gaston. Kisha fundi wako apande. Mama amesema nikuandikie hivi kwa maneno yake: "Umutume Alimasi. Yule mugeni asipande, si kwamba ni mubaya, lakini hakumujua." Tena anasema, ukipata udongo, kitalu chake kingali wazi.

Shemeji, salamu za uongo nilizokuomba uziandike, usahau kwamba niliziomba. Kama huwezi kusahau, basi usizitaje tutakapoonana.

Placide


Kasongo, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 1955

Kwa Mama Régina na Shemeji Placide,

Nawasalimu wote wawili katika barua moja, kwa sababu sasa inawezekana. Mama, nakusalimu kwa magoti. Marie-Louise amejifungua? Faradji anasema ndiyo, lakini hajui kama ni mwanaume au mwanamke. Anasema tu kwamba ana sauti.

Kopo lilifika salama. Nilimwosha Mado, nikamvalisha gauni jeupe la komunio, akashika makaa, akagusa mlango wetu nje na ndani. Alinyamaza tangu mwanzo mpaka mwisho, nanyi mnamjua. Alama nyeusi ya vidole vyake imebaki kwenye ubao, sitaifuta. Nilivua kitambaa, nikakikunja, nikakiweka sandukuni.

Nilikwenda mwenyewe kwa Alimasi. Alikuwa anaziba taa. Nilisema tu, "Moto wa mama umefika." Akaweka taa chini ikiwa wazi, akabeba ngazi. Yule wa Nyangwe nilimpa madumu yangu ayazibe, ili asione tumemdharau.

Alimasi aliegemeza ngazi kwenye nyumba. Nilisikia bati likilia pale lilipoguswa. Chini ya ngazi akavua viatu. Nikamwuliza kwa nini, akasema: "Nilimuona yeye akifanya vile, nikamucheka. Leo naogopa kupanda na viatu." Nilimpa kile kijiko cha wali. Akakwangua asubuhi yote. Alishusha karai baada ya karai, na kiatu cha Mado pia, ambacho kilikuwa kimeota nyasi. Mdomo wa bomba aliuzibua kwa waya na matusi ya kiislamu ambayo mimi siyajui, kwa hiyo si dhambi yangu kuyasikia. Palikuwa na mahali mfereji ulipolegea kwa uzito wa majani yangu, yale niliyoyasukuma. Akaunyanyua, akaweka vishikizo vipya vya chuma, akaunganisha mshono kwa risasi iliyoyeyushwa na kuupaka lami. Tumesikilizana kwamba tangu sasa atakuja kila mwaka kabla ya mvua, na tena katikati ya mvua, bila kuitwa. Malipo yake yameturidhisha sote.

Halafu akamwaga kikombe cha maji kule juu. Mimi nilikuwa kwenye pipa. Hakuna mtu aliyemwambia. Nadhani kila fundi anafanya vile, ndiyo njia ya kujua kama maji yanapita. Akapiga kelele:

"Mama Mado! Inafika?"

Niliyaona maji yanatoka, meusi kwanza, kisha meupe. Nilifungua kinywa. Nikakifunga. Alimasi akauliza tena, akaanza kushuka akidhani bado pameziba. Ndipo Mado aliyekuwa nyuma yangu akajibu kwa nguvu, mpaka majirani wakatoka:

"Inafika!"

Ukuta tumeuokoa nusu. Chini Alimasi na jirani waliondoa matofali yaliyoyeyuka, wakapanga mengine, na udongo wa hapo nimeupaka mimi. Mkono wangu ni wa kulia, kwa hiyo mistari yangu inalala kama ya watu wote. Juu, kuanzia kwenye dirisha mpaka kwenye bati, ni yake. Jioni jua likipiga unaona mahali inapokutana. Mkaguzi alirudi, akaweka fimbo, ikakataa kuingia, akaandika, akaenda zake. Aliuliza kama mwenye nyumba amerudi. Nilimwambia amekufa mwezi wa tano, na kwamba mwenye nyumba ni mimi.

Mama, udongo niliuanika juu ya mkeka ule ule. Mwaka huu ni mwingi na ni mzito, kwa sababu umengoja. Nimeuchambua majani mabichi, nikaufunga katika mfuko wa sukari, nikaufunga mara ya pili katika kitambaa changu cha matanga. Nilikitoa sandukuni kwa ajili hiyo, sikuona kazi nyingine iliyokifaa. Faradji ameuweka chini ya kiti chake, mbali na mvua. Kama miche imekwisha kufa, uupandie mingine mwakani. Utakuja mwingine, lakini huu usiutupe.

Shemeji, lile uliloniomba nilisahau, nimelisahau.

Ugoro ukiwa tayari, Mama, usinitumie, mimi sivuti. Ila siku utakayoonja wa kwanza, ukipiga chafya, unikumbuke.

Anastasie